Kutu ya Gari la Kito

Jumatatu, mikate ya asubuhi ilipokwisha kuepuliwa, baba alitandika gunia juu ya meza ya jikoni akalaza manifoldi ya ekzosi. Ni lile bomba zito lenye midomo minne, linalopokea moshi wa injini na kuutoa kwa mdomo mmoja. Lilikuwa la gari la Kito, binti yake mdogo, gari lililokaa nyuma ya nyumba tangu mwenyewe aondoke, mwaka wa sita sasa. Kutu ilikuwa imelila mpaka likaota magamba.

"Kito kapiga simu," baba alisema. "Huenda akaja mwisho wa mwezi."

"Hata mwaka juzi alisema huenda," binti mkubwa alijibu, akikanda unga. Yeye ndiye aliyebaki. Alikuwa mwokaji wa mtaa mzima, na ndiye aliyempikia baba, akamkata kucha na kumsomea maandishi ya chupa za dawa.

"Safari hii sauti ilikuwa ya mtu anayekuja."

Baba akaanza kusugua kwa brashi ya waya. Alikuwa mtu mwema, hilo halina ubishi. Vumbi la kutu lilipoelekea kwenye unga, alihamia dirishani akaukinga kwa mgongo wake. Lakini mwokaji hakuutazama mgongo. Alitazama mikono. Aliona jinsi lile bomba lilivyopakatwa, likapulizwa tundu moja moja, likapanguswa kwa kitambaa laini na kusemeshwa, "Taratibu, mama, taratibu." Yeye alipougua homa siku tisa, baba alimletea maji kila asubuhi, akayaweka mlangoni.

Jumanne kutu ilimtoka mwokaji kwenye kiwiko cha kulia, duara dogo kama kifungo cha shati. Kadiri bomba lilivyong'aa, ndivyo kutu ilivyoshuka mkononi, ikapita kwenye kifundo, ikaingia vidoleni. Alipokanda, viungo vililia kama bawaba. Mteja mmoja aliuliza kama inadondokea kwenye unga. Akaambiwa haidondoki, akachukua mikate miwili.

Mshonaji wa nyumba ya pili alikuja na kikopo cha mafuta ya cherehani.

"Lete huo mkono, mwenzangu. Ukikazana hivi, kesho hutaweza hata kujikuna."

Akatia tone moja katika kila kiungo, kwa uangalifu uleule aliotilia mashine yake. "Baba kaona?"

"Baba? Macho yake yote yako kwa Kito."

"Si umwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba naionea wivu ekzosi?"

"Kuna wanaowaonea wivu watu wasio na kazi yoyote. Ekzosi angalau ina kazi."

Mwokaji alicheka mpaka kiwiko kikalia.

Baba alifanya kazi ya ufundi magari miaka thelathini. Alikuwa na desturi ya kumsimamisha dereva asiyemjua barabarani na kumwambia kutu imeanza chini ya mlango wake. Mara tatu kwa siku alipokea kikombe kutoka kwenye mkono ule uliogeuka rangi ya matofali. "Chai nzuri," alisema kila mara.

Alhamisi alilifuta bomba kwa thina, akalipulizia rangi ya fedha isiyoogopa moto, matabaka matatu, akingoja kila moja likauke.

"Rangi hii haishiki mpaka iokwe," alisema. "Moto mdogo, halafu wa kati, ndipo mkali. Utanipa oveni kidogo, binti yangu?"

Alimpa. Mikate ya jioni ikangoja. Baba akafungua madirisha yote na kulifunika sinia la unga ili lisinuke rangi, kisha akaketi sakafuni mbele ya kioo cha oveni kama mtu anayengoja nje ya wodi ya wazazi. Mwokaji akashika swichi kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umekaza. Akaupandisha moto hadi mwisho. Alijua rangi ingevimba na kubanduka. Akautazama ule uso wa mzee ukiwaka mwanga wa oveni, ukitabasamu. Akaurudisha moto mdogo.

Ijumaa vidole havikufunguka. Unga uliumuka wenyewe, ukashuka, hakuna aliyeugusa. Mwokaji akaketi mkabala na baba, akaulaza mkono juu ya gunia.

"Baba, na mimi."

Baba alivaa miwani. Aliutazama mkono, akaiweka kando brashi ya waya na kuchukua msasa mwororo, ule mpya.

"Nikikuumiza useme."

Alianza na kidole gumba. Alisugua, akapuliza, akapangusa, akaenda kidole cha pili. Kutu ilianguka juu ya gunia bila haraka. "Ya juu juu tu hii," alisema. "Chuma chenyewe kizima." Mwokaji aliogopa kwamba akisema neno ile mikono itasimama. Tangu utotoni hakuwahi kushikwa muda mrefu namna ile.

"Taratibu, mama, taratibu," baba alisema. "Haya, geuza mkono, Kito."

Mwokaji alimtazama usoni. Mzee hakuwa amechanganyikiwa. Alimjua vizuri aliyeketi mbele yake. Ila jina hilo ndilo lililomjia ulimini kila aliposhika kitu kwa upole.

"Abee, baba," aliitika, akageuza mkono.

Rangi iliyosalia koponi ilitosha kuupulizia mkono mpaka kwenye kiwiko. Oveni haikuhitajika, baba alisema, joto la mwili lingetosha. Jioni mikate ilitoka kwa wakati, na mshonaji akausifu mkono kwamba umependeza.

Mwisho wa mwezi Kito hakuja. Baba aliifunga manifoldi mahali pake na kufunika boneti, na Jumatatu akaanza kuusugua mlango wa dereva. Mwokaji alipohisi magoti yameanza kukwaruza, aliepua mikate yake, akanawa unga, akachukua kigoda na kwenda kuketi karibu na gari, kungoja zamu yake.