Uso wa Mama Ozella
Alhamisi, Verdell Gaines alimwonyesha Mama Earline filamu ya marehemu mama yake kwanza, katika chumba cha chini cha kanisa, kusini mwa Chicago. Gauni jeupe likapita ukutani, na glavu nyeupe, na kofia. Palipopaswa kuwa na uso palikuwa na giza.

Mama Earline, aliyesimama mlangoni na marehemu miaka thelathini wakiwapokea waumini, alisogeza miwani.

"Nguo naiona, mwanangu. Mwenye nguo yuko wapi?"

Mwenye nguo alikuwa Ozella, mama yake Verdell, kiongozi wa wahudumu wa mlangoni. Jicho lake lilijulikana: ukila peremende wakati wa mahubiri, alikutazama tu, nawe ukaimeza. Walimzika Februari. Hakuna mkanda mwingine uliomnasa akiwa hai, na ibada ya kumbukumbu yake ilikuwa Jumapili hiyo.

Wala haikuwa mara ya kwanza nyuso kumtokea giza. Kwa miaka kumi na tano Verdell alichambua barua posta, na siku za mapumziko akatengeneza filamu kwa kamera ya kuazima. Filamu tatu, na kwa zote tatu magazeti ya mjini yaliandika jambo lilelile: huyu mama hajui taa. Naye akaamini. Akanunua taa, akaongeza nyingine, akawaunguza waigizaji wake mpaka wakalowa jasho.

Ijumaa asubuhi aliupeleka mkanda maabara walikousafisha. Fundi, Bwana Lindqvist, alimpokea kwa adabu, akasema hauna kasoro. Ili aamini, akamwonyesha kipande cha filamu wanachopimia rangi: mwanamke Mzungu mwenye nywele za manjano na mashavu ya waridi, anatabasamu. Huyu akitoka vizuri, alieleza, basi kila kitu kimetoka vizuri. Ndivyo walivyofanya tangu aajiriwe.

Kumbe mchawi ni huyu! Taa zilisingiziwa bure; ngozi nyeusi kama ya mama yake haikupimwa kamwe. Verdell alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni.

"Huyu hayumo kwenye filamu yangu."

"Hayumo kwenye filamu ya mtu yeyote, mama. Ni kipimo tu."

"Basi leo kipimo ni mama yangu. Pima kwake."

Lindqvist alisema haijawahi kufanyika, akasema mkubwa wake atauliza. Verdell akavuta kiti, akaketi mlangoni pa chumba cha mashine, mkoba mapajani, asipite mtu. Mwishowe fundi akaanza kuongeza mwanga, kidogo kidogo. Uso ukajitokeza: paji, kovu la kwenye nyusi, lile jicho. Lakini gauni likafifia kwa weupe, vifungo vikapotea.

"Unaona? Gauni limeharibika. Watasema sijui kazi."

"Waache waseme. Mimi wamenisema miaka kumi na tano. Gauni ninalo kabatini, Bwana Lindqvist. Mama ndiye sina."

Jumapili kanisa likazimwa taa. Ozella akatokea ukutani, akageuka, akawatazama. Mama Earline akaita jina lake, na watu wakaangua kilio. Verdell hakulia. Aliwafikiria watu wa filamu zake tatu, walioachwa gizani kwa kipimo cha mtu asiyewajua, akaapa kurudi maabara kuwatoa mmoja mmoja.

Nyuma yake Mzee Cleophus, mwenye miaka sabini na mmoja, alimeza peremende yake nzima.