Tundu la Katikati

Juvénal Ndikuriyo ameshona viatu kwa miaka thelathini na mmoja. Alianzia kambini Mtabila, upande wa Kigoma, akikata matairi ya malori na kuwatengenezea katambuga wakimbizi wenzake wa Burundi. Sasa ana kibanda chake Bredäng, kitongoji cha Stockholm, hatua chache kutoka mlango wa kituo cha treni. Hubandika soli, huchonga funguo, hubadilisha zipu za mabuti. Watu wa mtaa wanajua kwamba kazi yake ni safi. Na yeye mwenyewe anajua hivyo, tena anajua kupita kiasi, na hapo ndipo kosa lilipoingilia.

Jumatano moja ya Agosti aliingia mama wa Kijapani, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa usawa wa shingo, mkononi ana furushi la kitambaa cha buluu. Alijitambulisha kwa jina la Chizuko. Alifungua furushi juu ya meza bila haraka, pembe baada ya pembe, na ndani mlikuwa na jozi ya viatu vya mbao.

Juvénal alipoviona alikumbuka mitalawanda ambayo mzee mmoja wa Ujiji alikuwa akiivaa kwenda kutawadha. Ila hivi havikuwa na msuruaki wa kubana kwa vidole. Vilikuwa na ukanda mnene wa kitambaa chekundu kilichokolea, uliotokea tundu moja la mbele ukagawanyika kwenda matundu mawili ya nyuma. Chini ya kila ubao kulikuwa na meno mawili ya mti, mapana kama kiganja. Ukanda wa kiatu kimoja ulikuwa umekatika pale mbele.

"Vinaitwa geta," alisema Mama Chizuko kwa Kiswidi cha taratibu. "Jumamosi tunacheza ngoma bustanini, karibu na ziwa. Vitakuwa tayari?"

"Ijumaa vitakuwa tayari, mama."

Hilo neno la mwisho alilisema kwa Kiswahili. Waswidi huitana majina, hata mtoto na bibi yake, na Juvénal kwa miaka yote hii hajaweza kumwita mtu mzima jina tupu.

Alhamisi aliikalia kazi hiyo. Aliligeuza geta lililokatika, akalitazama, akatikisa kichwa. Tundu la mbele lilikuwa katikati kabisa ya ubao. Aliyachukua yote mawili akayaweka sambamba: hakuna la kushoto wala la kulia, yamefanana kama matofali. Kila fundi anajua kwamba kidole gumba kiko upande wa ndani wa mguu, na kandambili yoyote ile tundu lake limesogea upande huo. Aliyechonga hivi, aliwaza Juvénal, alikuwa mwanafunzi, na huyu mama ameteseka navyo maisha yake yote bila kusema.

Akaamua kumtendea wema. Aliziba tundu la katikati kwa kipande cha mti na gundi, akatoboa jingine pembeni, akaunga ukanda pale ulipokatika, akaupitisha na kuukaza barabara usije ukalegea. Alipomaliza alipendezwa na kazi yake. La pili aliliacha kwanza, ili mwenyewe aone tofauti.

Ijumaa asubuhi Mama Chizuko alikuja. Alilishika geta kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba cha mkono juu ya tundu lililozibwa, akarudia tena.

"Umelihamisha," alisema.

"Lilikuwa limekosewa, mama. Sasa ni la mguu wa kulia. Jaribu uone."

Hakujaribu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, geta mapajani, na Juvénal akazima mashine ya kusugulia ili amsikie.

"Baba yangu alivichonga mwaka nilipokuja Sweden," alisema. "Alikuwa fundi wa geta, na baba yake pia. Hakulikosea."

 Kama angegombezwa, Juvénal angejua la kujibu. Lakini yule mama alisema vile kama anayemtajia mtu saa. Juvénal alizunguka meza, akachuchumaa mbele yake kama anavyofanya akimpima mtu viatu.

"Mama, mimi nimeharibu. Sikuuliza. Niambie jinsi vinavyovaliwa, nitengeneze upya leo hii."

Mama Chizuko alimtazama kidogo, kisha akavua kiatu chake na soksi. Mguu wake ulikuwa mdogo, na kidole gumba kimeachana na jirani yake kama watu waliozoea kupishana. Akachukua lile geta zima, akaliweka sakafuni, akaingiza mguu. Hakuusukuma hadi mwisho. Aliacha nafasi kati ya panda ya vidole na ukanda, nafasi ya kupitisha kidole cha mkono, na kwa nyuma kisigino kilining'inia nje ya ubao.

"Kisigino kimepita," alisema Juvénal.

"Ndiyo. Kinatakiwa kipite. Kidogo tu."

"Sisi tukiona hivyo tunasema kiatu ni cha mdogo wake."

Kwa mara ya kwanza Mama Chizuko alitabasamu. Akaeleza huku akionyesha. Vidole viwili hushika ukanda polepole, kama unavyoshika mkono wa mtoto: ukikaza utapata malengelenge, ukiachia geta litakutoka. Mwili unaegemea mbele kidogo. Hatua ni fupi, na huanzi kukanyaga kwa kisigino. Na kwa kuwa tundu liko katikati, geta la leo kulia kesho huvaliwa kushoto, na meno yanalika sawasawa. Juvénal aligeuza lile zima akaangalia meno. Nusu karne yamekanyaga lami ya Stockholm, na yalikuwa yamelika kwa usawa, pande zote, kama yaliyopimwa kwa rula.

Alikaa nalo mkononi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akibadilisha visigino vya watu vilivyolika upande mmoja, na hakuwahi kufikiri kwamba dawa ingekuwa kiatu kisichokuwa na upande.

"Baba yako alikuwa fundi," alisema. "Fundi hasa."

Akageuza kibao cha mlangoni kuonyesha kwamba amefunga, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Alichonga kijiti kutoka ubao wa msonobari laini, akakipanga nyuzi zake zifuate nyuzi za geta, akaziba lile tundu lake la pembeni bila gundi, kwa kubana tu. Kisha akalifungua tena lile la katikati kwa patasi nyembamba, akikwangua gundi yake mwenyewe chembe kwa chembe, asije akaongeza hata unywele kwenye upana alioacha yule mzee. Mama Chizuko alishika taa.

Kufunga ukanda kulimshinda mara tatu. Fundo la mbele hukaa chini ya ubao, na ndilo linaloamua kila kitu. La kwanza Mama Chizuko alivaa akasema, "Linabana." La pili, "Linacheza." La tatu alitembea hatua mbili akarudi, akatikisa kichwa. La nne Juvénal alimwomba aendelee kuvaa, akapiga magoti, akavuta kamba huku akimtazama usoni badala ya kutazama fundo. Uso ulipotulia, akafunga.

Mama Chizuko alivaa yote mawili akatoka nje, hadi chini ya daraja la reli ambako sakafu ni ya zege. Juvénal alisimama mlangoni. Sauti ilikuja ya juu na kavu, *karan, koron*, meno ya mbele kisha ya nyuma. Watu waliotoka kwenye treni waligeuka. Mgongo wa yule mama ulikuwa umenyooka, magoti yamekaribiana, na hakuna kitu kwenye mwili wake kilichoruka wala kuyumba. Alipofika mwisho aligeuka kwa hatua tatu ndogo, akarudi.

"Njoo kesho," alisema. "Mlete na mkeo."

Jumamosi Juvénal alikwenda na mke wake, Dative, aliyejifunga kitenge kwa ajili ya shughuli. Bustanini karibu na ziwa watu kama arobaini, wengi wao wamevaa nguo nyepesi za pamba za kiangazi, walikuwa wamefanya duara kwenye uwanja wa lami. Mama Chizuko alimweleza Dative kwamba ngoma hiyo ni ya kuwakaribisha marehemu wanaorudi kuwatembelea jamaa zao. Dative, ambaye ndugu zake watatu wamezikwa Ruyigi, Burundi, bila yeye kuwepo, aliitikia kwa kichwa.

Ngoma ilipoanza, geta yote yalipiga lami kwa pamoja. Juvénal alitazama miguu tu. Alilitambua geta lake kati ya themanini, akalifuata duara zima, na ukanda haukucheza.

Walipopumzika, Mama Chizuko aliwaletea jozi ya akiba. Juvénal alijaribu kwanza. Aliingiza mguu hadi mwisho, akakanyaga kwa kisigino kama anayewahi basi, na hatua ya tano ikamtupa kwenye majani. Aliinuka akicheka, akijipangusa magoti.

Dative alivua viatu vyake. Alipitisha vidole, akaacha nafasi bila kuambiwa, akaenda. Kitenge kilichombana magotini hakikumruhusu hatua ndefu, na yeye tangu usichana amejifunza kutembea ndani ya nguo ya namna hiyo, harusini na kanisani. Alikwenda hadi kwenye mti akarudi, *karan, koron*, mikono imetulia.

"Nani alimfundisha?" aliuliza Mama Chizuko.

"Sijui," alisema Juvénal. "Tumeoana miaka ishirini na sita na ndiyo kwanza namwona akitembea."

Mama Chizuko alimshika Dative mkono, na ngoma ilipoanza tena wakaingia wote wawili kwenye duara. Juvénal alikaa kwenye majani na viatu vya mkewe mapajani, akawatazama wakizunguka hadi jua lilipoanza kushuka nyuma ya ziwa.