Kufuli Kwenye Picha

Mama Pazia hakuwa mtu wa kupitwa na jambo. Jirani akinunua sufuria, lazima ajue na kifuniko chake kikoje. Ndiyo maana yule mwanamume wa ng'ambo ya barabara alimkosesha raha: kila alasiri anasimama, analitazama duka lao la mapazia, anaondoka. Haingii, hasalimii.

"Achana naye, dada," alisema mdogo wake, macho kwenye simu. "Kesho tunarudisha funguo. Ya nini kuhangaika na wapita njia?"

Mdogo mtu ndiye aliyeuza kwa simu, na alikuwa anauza hasa, hata wakaona kulipa kodi ya duka ni kujitakia hasara. Wakakubaliana wafunge, wauzie nyumbani. Wiki iliyopita, kwa furaha, mdogo mtu akashusha mlango, akalipiga picha kufuli na kuandika: Tumehamia mtandaoni kabisa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyenunua tena. Mdogo alilaumu mtandao, mkubwa akalaumu bei. Moyoni Mama Pazia aliogopa. Mapazia ndiyo yaliyowalea wote wawili, na hakujua kazi nyingine.

Leo uvumilivu ulimshinda. Kuuliza si ujinga, akavuka barabara.

"Habari za saa hizi, kaka. Umepoteza nini kwetu?"

Yule mwanamume akaona haya. "Samahani, dada. Mimi ni mteja wenu."

"Mteja gani asiyeingia?"

"Nanunua kwa simu. Nikitoka kazini napita hapa, nikiona mlango uko wazi, nikifika nyumbani natuma pesa. Shemeji yangu alilipia kitanda mtandaoni, mpaka leo analala chini."

"Mbona siku hizi hununui?"

"Si mmesema mnafunga? Mtu akinidhulumu, nitamgongea wapi?"

Mama Pazia alirudi dukani karibu akimbie. Mdogo wake akamsikiliza, akabetua midomo.

"Huyo ni mtu mmoja, dada."

"Basi nisomee wanayouliza wengine kabla ya kununua."

Mdogo mtu akapitisha kidole kwenye kioo. Duka liko wapi? Mko karibu na nini? Leo mpo? Alisoma kwa sauti inayozidi kushuka. Siku zote alidhani ni maswali ya watu wasio na kazi, na wiki nzima alikuwa akiwajibu kwamba duka halipo tena. Akaiweka simu mezani, aibu imemjaa.

Mama Pazia hakumsimanga. Walikwenda wote kwa fundi cherehani, jirani yao aliyekuwa achukue duka. Wakamwachia chumba chote cha nyuma, wao wakabaki na mlango, meza moja na kipande kimoja cha kila kitambaa. Fundi alishangaa watu wanaong'ang'ania mlango, lakini akakubali, na mwenye nyumba akaridhia.

Kesho yake alasiri Mama Pazia aliweka kiti mlangoni, akakaa.

"Usitabasamu sana, dada," alisema mdogo wake akipiga picha. "Utaonekana umeshinda kesi."

Picha ikaenda. Wakasubiri, kila mmoja akijifanya ana kazi ya kufanya. Hatimaye simu ikalia.

"Kumbe mpo. Niwekeeni yale ya bluu ya sebuleni."

Mama Pazia akainua macho. Ng'ambo ya barabara yule mwanamume alikuwa amesimama, simu mkononi.

"Si uvuke basi uyachukue!"

Akapunga mkono, akaenda zake nyumbani kulipa.