Gari Lilifunikwa Kwanza

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, na wala sikuhitaji msaidizi. Ilikuwa Julai ya mwaka sabini na nane, nakwea milima ya Kilungu, ukungu umelala makorongoni kama maziwa yaliyoganda kibuyuni, na kioo changu cha kutazamia nyuma nimekigeuza kikaangalia paa la gari. Dereva mwenye akili zake hageuzi kioo hivyo. Lakini nyuma yangu alikuwa ameketi mama mkwe, na mkwe wa Kikamba hamtazami mama mkwe usoni, hata kwa kupitia kioo. Hiyo ndiyo nthoni. Mkikutana njiani, mmoja wenu hujitia kichakani mpaka mwenzake apite.

Mke wangu Mumbua aliketi naye huko nyuma, amemkumbatia. Tulikuwa tumemtoa hospitali moja ya nyanda za chini, kando ya barabara ya Mombasa, alikolazwa kwa kichomi. Daktari alimruhusu kwa sharti moja tu: asipigwe na baridi. Kifua kile, alisema, hakitastahimili kichomi kingine.

Asubuhi ile, kabla hatujaondoka, Mumbua alitaka tupitie dukani tununue blanketi.

"La nini?" nikamcheka. "Gari hili lina hita. Meneja wa mkonge aliyeniuzia alilileta kutoka Ulaya. Mama yako atafika kwake ameiva kama hindi la kuchoma."

Mumbua hakucheka. Alijua kwamba blanketi lile lina historia. Kwetu mahari ina mbuzi wake na asali yake, na ina blanketi la mama wa binti. Ukishampelekea, nthoni hulegea. Anaweza kukusalimu, akakuuliza habari za wajukuu, hata mkanywa chai chumba kimoja. Mbuzi nilikuwa nimewafikisha wote. Blanketi ndilo nililoliahirisha kwa mzaha. Mwaka wa ukame nilimwambia mshenga wetu, mzee Kiilu, kwamba nangoja baridi. Baridi ilipokuja, nikamwambia natafuta rangi ya kumpendeza. Mzee Kiilu alikuwa mwepesi wa kucheka, nami nikakichukua kicheko chake kuwa stakabadhi. Kila nilipokwenda Kilungu, mama alinipitia mbali, leso usoni, na chai yangu ikaletwa na mtu mwingine. Miaka ikapita hivyo. Nilimjua kwa mgongo wake na kwa nyayo zake. Sauti yake sikuijua.

Tulipofika mji mdogo wa Salama tukaiacha lami, tukaanza kupanda. Ukungu ukaja kutulaki.

"Baba Mbinya," Mumbua akaita, kwa jina la kifungua mimba wetu. "Hiyo hita umeiwasha, au unaiombea?"

"Nimeiwasha! Hulisikii feni linavyoimba?"

"Nalisikia. Wimbo hauna moto."

Nikaweka kiganja mbele ya tundu la hewa. Kilichotoka kilikuwa kama pumzi ya mbuzi mgonjwa. Nikasimamisha gari kando ya shamba la kahawa. Koti langu nikalivua, nikampa Mumbua amfunike mama. Lilikuwa koti jembamba, la mtu anayeendesha gari kwenye joto la Kibwezi. Kisha nikafungua boneti, huku nikipiga mluzi ili nionekane najua ninachotafuta.

Maji ya rejeta yalijaa mpaka shingoni. Bomba la hita lilikuwa wazi. Nikashika ile mipira miwili inayopeleka maji kwenye hita na kuyarudisha. Mmoja ukiwa moto na wa pili baridi, ujue hita imeziba. Lakini yote miwili ilikuwa vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Basi ubaya haukuwa kwenye hita. Maji yenyewe hayakuwa na moto. Nikatazama mshale wa joto kwenye dashibodi: tumepanda mlima wote ule, na mshale umelala chini kama mbwa kivulini.

Hapo mluzi ukanikauka mdomoni.

Ndani ya kila injini kuna kijidude cha shaba kiitwacho thamostati. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kupoa kwenye rejeta kabla injini haijapata moto. Madereva wote wa Kibwezi tulikuwa tumekitoa. Huko injini hutokota kama sufuria ya maharagwe, na fundi yeyote angekwambia kitu kinachozuia maji ni adui. Mimi nilikitoa kwa mikono yangu, nikajisifu baa nzima. Jua la Kibwezi ndilo hita yangu, nilisema. Na kwa kuwa kiling'aa, sikukitupa. Nilikitia kwenye pete ya funguo za gari. Safari nzima kilikuwa kikinigonga goti, kunikumbusha, nami nadhani ni mapambo.

Spana nilikuwa nazo. Lakini gasketi yake nilikwisha kuitupa zamani, na bila gasketi maji yote yangemwagika pale mlimani. Nikabaki nimekishika kile kijidude mkononi, kama mtu aliyeokota jino lake mwenyewe.

"Umepata?" Mumbua akauliza dirishani.

"Nimepata."

"Basi kirudishe mahali pake."

"Hakirudi leo."

Akanitazama, akaitazama pete ya funguo. Mke anayekutukana unaweza kumjibu.

Nikachukua gunia kutoka buti, nikalifunga mbele ya rejeta kwa kamba ya mkonge ili upepo usiipoze injini. Ni dawa ya kienyeji, lakini ni dawa. Mumbua alinisubiri mpaka nikaze fundo la mwisho.

"Gari umelifunika vizuri," akasema. "Tunangoja zamu ya mama."

Tukaendelea. Mshale ukaanza kuinuka taratibu, na kweli joto likaja. Lakini lilikuwa joto haba, lenye upendeleo: lilinipasha miguu mimi na kukipasha kiti kitupu kilichokuwa ubavuni mwangu, halafu likaisha. Nyuma hakikufika kitu. Nikasikia mama akikohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu anayejaribu kukimeza asiwasumbue wenye gari.

"Simamisha," Mumbua akasema. "Mama aje mbele."

Nikasimamisha, lakini mlango sikufungua. "Hapa? Bega kwa bega nami? Mumbua, soko la Nunguni ni pale tu. Watu wakituona watasema nini?"

"Watasema yu hai."

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa na kumbukumbu nyepesi zaidi. Blanketi nililinunua baadaye, jekundu, zito, la kumfaa mke wa chifu. Lilipofika Kilungu lilimkuta amekwisha kufunikwa na udongo. Kama ilikuwa baridi ya safari ile au la, Mumbua hajawahi kusema, nami sijawahi kuuliza. Lakini siku ile nilikuwa na ulimi, na mwenye ulimi hakosi la kuongeza.

"Mila ni mila," nikasema, kwa sauti ya mzee wa baraza. "Wazee hawakuiweka kwa mchezo. Tukianza kuivunja kwa sababu ya ukungu, kesho tutavunja nini? Mimi najiheshimu, na mama yako namheshimu. Siwezi kuketi naye kiti kando ya kiti."

Nikasikia leso ikisogezwa. Kisha ikaja sauti nisiyoijua, nyembamba, yenye mikwaruzo ya kifua, lakini haikutetereka. Haikupitia kwa Mumbua. Ilinijia mimi moja kwa moja, kwa jina la baba yangu.

"Mwana wa Kivuva, hiyo mila unayoikumbuka leo kwenye kiti, uliisahau wapi ulipodaiwa blanketi?"