Mkasi wa Kuazima

Mimi ni mdadisi wa kuzaliwa. Mama husema neno langu la kwanza halikuwa "mama" wala "maji", lilikuwa "kwa nini", na tangu siku hiyo masikio yake hayajapumzika. Sasa fikiria nilivyoteseka miaka yote niliyokaa meza ya kola, katika kiwanda chetu kidogo cha kushona sare, nikimtazama msimamizi wetu akifanya jambo lisiloeleweka kila asubuhi ya Mungu.

Hakuwa na mkasi. Msimamizi wa mafundi wa nguo, mtu aliyeweza kukukatia gauni kwa kukutazama tu ukipita, hakuwa na mkasi wake. Asubuhi akishavua koti anakwenda kwenye meza moja, leo hii, kesho ile, anasimama mbele ya fundi na kusema, "Niazime mkasi." Anapewa, anautumia kutwa, jioni anaurudisha kwa mwenyewe, mkononi. Tukampachika jina la Mama Niazime, naye akaitika bila kununa.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mvuke, mpiga pasi wetu, ambaye maneno yake ni mengi kuliko mvuke wa pasi yake, aliapa kwamba ni ubahili mtupu. Wengine walisema ni usahaulifu, eti nyumbani ana kabati zima la mikasi. Mimi sikuvumilia, nikamuuliza mwenyewe. Akanitazama juu ya miwani, akasema mkasi wa mwenzako unakata vizuri zaidi. Niliondoka nimevimba kwa hasira, maana hilo si jibu.

Alipostaafu tulichanga, tukamnunulia zawadi. Zawadi gani? Mkasi, bila shaka. Tena si mkasi hivi hivi, bali chuma kinachong'aa, vishikio vyeusi, umelala ndani ya kasha lake. Tulijiona tumepatia kweli. Alipofungua alicheka mpaka machozi yakamtoka, akatushukuru mmoja mmoja, halafu jioni akaniwekea mimi lile kasha mezani, kwa kuwa ndiye niliyechaguliwa kukalia kiti chake. Akasema nitaamua mwenyewe nitautumiaje.

Nikaamua. Niliufunga utepe, nikauvaa shingoni.

Na nilipendeza, nisiseme uongo. Nilipita kati ya cherehani mkasi ukicheza kifuani, nikikagua hapa, nikisahihisha pale, simsumbui mtu kwa kumwomba kitu. Nikikaribia meza, mazungumzo yanakatika na vichwa vinainama kwenye kazi. Nikajiambia, hiyo ndiyo heshima.

Kisha mzigo ukarudi. Zilikuwa sare za manesi wa hospitali kubwa, nyeupe, na gauni baada ya gauni mikono ilikuwa imepachikwa kombo, mmoja umevutwa mbele, mwingine nyuma, hata anayelivaa anaonekana anataka kugeuka na nguo haitaki. Mwenye kiwanda, tunayemwita Tajiri, aliniita ofisini. Yule hapigi kelele. Ananong'ona, na akinong'ona ujue mambo yameharibika. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii ni nguoni kwelikweli. Nimtafute aliyeharibu, nimpelekee jina, na huyo mtu aondoke kabla mzigo wa pili haujatoka. Nisipopeleka jina, nitaondoka mimi, na msimamizi ataletwa kutoka nje.

Cheo nilikitaka, sikukiri kwa mtu lakini nilikitaka sana, na sasa kilikuwa kinaning'inia kwa uzi. Kazi ya mikono inafanywa na meza moja yenye mafundi kadhaa, na vitambaa vinapita kwa wote, huwezi kusema hili kashona nani. Mkubwa wa meza hiyo ni Bi Mikono, mama mtu mzima anayepachika mikono tangu mimi natambaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kutunga uzi kwenye cherehani siku nilipoingia pale sijui mbele wala nyuma. Huyo sikumweka hata kwenye hesabu ya washukiwa.

Nikageuka askari. Nilisimama nyuma ya migongo yao, nikahoji mmoja mmoja, nikatega. Huyu hajui, yule anasema labda ni mashine, mwingine alikuwa anaumwa. Siku ya pili nikafoka, na mimi nikifoka hata barabarani wananisikia. Waliinamisha vichwa wakangoja nimalize, kama watu wanaosubiri mvua ipite. Nilipopita kwenye pasi, nikipumua kwa nguvu, Mvuke akanipokea kwa utani wake.

"Mheshimiwa," akasema, "Mama Niazime hakuwahi kuhoji mtu, na alikuwa anajua mpaka paka wa nani kazaa."

Nikamwambia apige pasi, hakuajiriwa kutoa hotuba. Lakini neno lilikuwa limeshaniingia, na udadisi wangu ukiguswa siwezi kulala nao. Kweli, yule mama alikuwa anajuaje?

Jioni ile nilipitia kwa wazazi wangu. Mama alikuwa jikoni, mimi nikakaa pembeni kumenya vitunguu, nikaanza kumlalamikia kuhusu wafanyakazi wasiosema. Katikati ya malalamiko yangu akamwita baba aje aonje chumvi. Baba alikuwa sebuleni na redio yake, akaja anaburuta ndala, akaonja, akafikiri kwa makini, akatoa hukumu kwamba bado kidogo. Mama akaitikia, wala hakugusa kikopo cha chumvi. Baba naye hakurudi kwenye redio. Aliegemea mlango, akasema mchuzi unanukia vizuri, akasema mvua zimechelewa, na mwisho akasema goti lake la kulia limevimba, amekuwa akiliuguza kimyakimya na sasa linamtisha. Mama akasema watakwenda zahanati kesho. Baba akashukuru, akaondoka.

Nikamuuliza mama tangu lini baba akajua chumvi. Nyumba nzima inajua kwamba ulimi wa baba hautofautishi chai na uji.

"Chumvi naijua mwenyewe," mama akasema. "Baba yako ukimwambia njoo tuongee, anapotea. Ukimwambia njoo unisaidie, anakuja, na akishafika anaongea mwenyewe."

Nilibaki na kitunguu mkononi, machozi yananitoka, na si ya kitunguu peke yake. Miaka yote nilikuwa nimeuliza kwa nini msimamizi hana mkasi, kumbe jibu lilikuwa linaonja chumvi nyumbani kwetu kila siku.

Asubuhi niliuvua mkasi wangu shingoni, nikauweka kwenye kasha na kasha kwenye droo. Halafu nikaona aibu. Utamwendeaje mtu uliyemfokea jana ukamwomba mkasi? Nikaenda kwa Bi Mikono kwanza, kwa sababu nilijua hatanicheka. Nikamwomba aniazime mkasi. Aliinua uso, akatabasamu, akanyoosha mkono kuuchukua mkasi.

Mkasi ulikuwa mbele yake kabisa. Kiganja chake kikapita juu ya meza polepole, kikagusa chaki, kikagusa tepu, kikarudi, ndipo kikaufikia. Nikapokea, nikashukuru, nikaenda zangu. Lakini kutwa nzima kile kiganja hakikuniondoka kichwani. Nilijaribu kujiambia kwamba alikuwa amechoka, na sikufanikiwa.

Jioni, wenzake walipokwenda kutundika aproni zao, nilimrudishia. Nilisimama mbele yake na mkasi mkononi, nikamnyooshea. Mkono wake ukaja pembeni ya wangu, ukafumba hewa. Ukajaribu tena, ukakosa tena. Kisha akaushusha mapajani.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, mama."

Alinieleza bila kulia. Ni mtoto wa jicho, lilianza moja, likafuata la pili. Kushona kwenyewe hakumpi shida, mikono inaijua njia. Kinachomshinda ni kuona vile vialama vidogo vinavyokatwa kwenye ukingo wa kitambaa, vinavyoonyesha mkono wa nguo uanze kupachikwa wapi. Akikosea pa kuanzia, yote yanakwenda kombo. Mama Niazime alikuwa amegundua mwaka jana, jioni kama ile, akirudisha mkasi. Tangu hapo alikuwa anawahi kazini, na kabla watu hawajafika anapitisha mshono mmoja wa uzi mwekundu kwenye kila alama. Nyekundu juu ya nyeupe Bi Mikono anaiona. Mama Niazime alipoondoka, nyuzi nyekundu nazo zikaondoka. Nikakumbuka zile nyuzi, zilizokuwa zikizagaa chini kwenye pasi kila siku. Mvuke alikuwa anazichomoa kabla ya kupiga pasi, na mimi nilikuwa nazikanyaga nikidhani ni takataka.

Huruma ilinishika, lakini hasira ilitangulia, sijui kuificha. Mzigo mzima umerudi, mimi nimezunguka kama mwehu nikitafuta jina, na yeye na Mama Niazime wote wawili walikuwa wanajua! Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia.

"Alisema siri ni yangu, si yake," Bi Mikono akajibu. "Akaniambia, atakayekuja kuazima mkasi, huyo mwambie." Akaikunja tepu yake. "Nimekusubiri, mwanangu. Ila wewe ulikuja na wako."

Nikamshika mkono, nikamwekea mkasi wake kiganjani, nikamfumbia vidole.

Tangu kesho yake nikawa naingia kazini mapema na kibunda cha uzi mwekundu. Mzigo wa pili ulipokuwa tayari nilikwenda ofisini. Tajiri alikagua gauni, akalivuta bega huku na huku, akaona mikono imekaa sawa. Halafu akanong'ona kwamba anasubiri jina. Nikamwambia kosa ni la kazi kukabidhiwa nusunusu: kulikuwa na alama zinazowekwa zamani, mimi sikuzijua, sasa nimezirudisha. Akanong'ona tena, chini zaidi.

"Jina ninalo," nikasema, "na sikupi. Mzigo huu ukirudi, nifukuze mimi."

Usifikiri ni ushujaa. Nilikuwa nimelishika pindo la gauni langu kwa mikono miwili. Akasema haya, na haya ya mtu yule inaweza kuwa na maana yoyote. Mzigo ukaenda. Kila gari lililosimama mlangoni moyo wangu ulisimama nalo. Haukurudi, na likaja agizo jingine.

Nikaendelea kuazima, leo meza hii, kesho ile, Mvuke akinicheka kwamba ubahili unaambukiza. Kwa Bi Mikono ikifika zamu yake, jioni nilikuwa namwambia habari za upasuaji wa macho. Unafanyika palepale hospitalini, na manesi watakaompokea watakuwa wamevaa mikono aliyoipachika yeye. Alikataa. Mama aliyeishi na vyuma vya kukata maisha yake yote anaogopa kisu! Nikamwambia mficha uchi hazai, akanijibu kwamba yeye ameshazaa, wanamtosha. Mwisho nikaacha kumsukuma. Roho iliniuma, lakini macho ni yake.

Juzi, hata koti sijavua, nikamwona anakuja upande wangu, akishika kingo za meza moja baada ya nyingine. Bi Mikono hajawahi kuja mezani kwangu. Akasimama mbele yangu, akajisafisha koo.

"Niazime mkasi," akasema.

Wa kwake ulikuwa mezani kwake, nauona kabisa. Nikafungua droo, nikatoa lile kasha, nikamwekea mkasi wangu kiganjani. Akaushika kwa mikono miwili, wala hakuondoka. Nikamvutia kiti.