Kitanda cha Dirishani

Kimya, kama walivyomwita kwa utani bwenini, alilala kitanda cha dirishani miaka minne. Desturi yao, anayemaliza shule huchagua mwenyewe wa kumwachia kitanda, na wadogo wote walikitaka hicho.

"Dada, nipe mimi, nitakufulia shuka!"

Matroni akacheka. "Utamfulia lini, na basi liko getini?"

Kimya alishika chuma cha kitanda, roho inamuuma. Hapo ndipo alipolilia nyumbani, ndipo alipowachungulia wavulana wakichota maji. Mlangoni alisimama mgeni wa kidato cha kwanza aliyehamia juzi tu, macho mekundu, haombi kitu.

"Mdogo wangu, njoo tutandike," Kimya akamwita.

"Usiku panatisha hapa?"

"Wiki ya kwanza tu. Ukisikia ng'ombe wa shule wanalia alfajiri, kimbilia bafuni kabla maji ya moto hayajaisha."