Kopi Safi ya Meneja

Sauti ya mke wangu ilibaki mahali pamoja tu: kwenye kaseti ya ofisi ya maji, mali ya wakubwa.

Alikuwa karani wao. Walimpa kompyuta kuukuu, wakaiunga na televisheni na redio kaseti, wakamfungia kwenye chumba kisicho na dirisha. Alikohoa humo mpaka akaisha, nao wanasema ni vumbi tu. Wao wana feni.

Kompyuta ile iliweka faili zake kwenye kaseti, kama muziki, ila ukiipiga redioni inalia kama paka aliyebanwa mkia na mlango. Hujui faili ipi ni ipi. Basi mke wangu, kabla ya kuiandikia mashine amri ya kuhifadhi, alirekodi kwanza maneno yake mwenyewe: "Wateja wa mtaa wa juu. Hii ndiyo mpya." Siku moja nilimpelekea chai, akaangua kicheko katikati: "Wateja wa sokoni... we baba nanihii, utaniunguza!" Kikabaki humo humo.

Baada ya matanga nilikwenda kwa meneja, kofia mkononi.

"Bosi, naomba ile kaseti ya marehemu."

"Mzee, ile ni ya kazi. Unataka kusoma mita za watu?"

Mhasibu wake akacheka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Haya, njoo Ijumaa. Nitakutolea kopi."

Ijumaa akanipa kaseti mpya, bado inanuka plastiki. "Faili zote zimo. Nimezipakia kwenye kompyuta moja moja, nikazihifadhi upya. Kopi safi."

Nyumbani, binti yetu alikuwa ameshatia betri redioni. Tukabonyeza. Paka akalia. Kimya. Paka tena. Kimya. Tukageuza upande wa pili. Paka.

Nikarudi ofisini mbio.

"Aa, yale maneno?" meneja akasema. "Mashine haichukui maneno, mzee. Inachukua faili tu."

"Na ile kaseti yenyewe?"

"Tumeshahifadhi faili za mwezi huu juu yake, ya zamani yamefutika." Akainua macho. "Kwani kuna faili imekosekana?"

Nikavaa kofia, nikatoka kabla sijamrukia. Wangemwita askari.

Nilimkuta binti yangu palepale sakafuni, sikio kwenye spika, sauti ameifungua yote. Paka alikuwa amenyamaza, faili inayofuata haijaanza.

"Zima, mwanangu."

"Shh, baba. Labda mama anavuta pumzi kwanza."